Fimbo na Ushauri, Chumba Kimoja

Dada yangu tunamwita Redio. Akianza kuongea huwezi kumzima, na sauti yake inavuka ukuta inaingia kwa jirani, jirani anajibu. Mama alikuwa akimtuma dukani anamwambia, "Nenda, lakini usitangaze." Anarudi na sukari na habari za mtaa mzima.

Huyo ndiye aliyetulea. Mama aliumwa mgongo akawa hawezi kuinuka, Redio bado msichana wa shule, na yeye ndiye aliyetuogesha, akatupikia, akatutandika makofi tukigombania kijiko. Mimi ndiye kitinda mimba, kwa hiyo hayo makofi nayajua ladha yake. Alisoma hivyo hivyo, mkono mmoja kwenye mwiko, mwingine kwenye kitabu, mpaka akawa mwalimu. Mimi shule ilinishinda mapema, nikaenda kushika mashine ya kuchomelea vyuma. Akaninunia mwezi mzima, halafu akawa mteja wangu wa kwanza.

Sitaki kumpamba. Nina hasira, lakini sitaki kumpamba. Dada yangu alikuwa anachapa watoto. Alipohamia ile shule ya msingi ya karibu na kwetu, Mwalimu Mkuu alimsikia akinyamazisha darasa la jirani bila kutoka darasani kwake. Mkuu akasema, "Basi huyu ndiye mwalimu wa nidhamu." Hakumuuliza kama anaitaka hiyo kazi. Alichoangalia ni koo.

Akapewa chumba mwisho wa korido, kati ya stoo ya mafagio na ofisi ya walimu. Meza, viti viwili, kabati la chuma, na fimbo juu ya kabati. Utaratibu wa pale ni huu: mtoto akikosea, mwalimu wake hajichoshi. Anamwambia, "Nenda kwa Madam." Mtoto anakwenda mwenyewe, anagonga, anaingia, anafunga mlango, ananyoosha mikono. Analia, anatoka, anarudi darasani akipuliza viganja. Walimu wengine wako ofisini wanakunywa chai, wanasikia kilio kupitia ukutani, wanajua kazi imefanyika.

Sasa sikiliza upuuzi ulioingia hapo.

Ikaja amri kutoka juu kwamba kila shule iwe na mwalimu wa ushauri. Yaani mtu wa kukaa na watoto. Mtoto anaonewa, ana huzuni, kwao kuna matatizo, awe na mtu wa kumwambia. Jambo zuri kabisa, nani atabisha? Lakini Mkuu akapiga hesabu zake za kivivu. Akatazama ni nani mwenye chumba. Akamwita Redio, huku anatabasamu. Huyo mzee anatabasamu hata akikufukuza.

"Mwalimu, ushauri chukua wewe. Chumba si unacho tayari?"

Wakamleta fundi rangi. Mlangoni palikuwa pameandikwa NIDHAMU. Akaongeza chini yake NA USHAURI. Mimi nilikuwepo, nilikuwa uani nachomelea madawati yaliyovunjika miguu. Nikamwambia, "We, unaona unachokiandika?"

Akasema, "Mimi kazi yangu kuandika. Kusoma wasome wenyewe."

Nyumbani tulicheka. Shemeji, mume wa Redio, ni dereva wa malori, mtu wa maneno machache. Nikamwambia, "Shemeji, mkeo kapewa vyeo viwili, kupiga na kubembeleza."

Akajibu bila kuinua macho kwenye sahani, "Humu ndani anavyo siku nyingi."

Redio mwenyewe alicheka mpaka machozi. Hatukujua tunacheka nini.

Kulikuwa na binti wa darasa la tatu, kadogo, kembamba, wenzake na walimu wanakaita Bibi Usingizi. Mwalimu akiandika ubaoni, yeye kichwa mezani. Wanamwita, anaamka anajibu swali la somo lililopita, darasa zima linacheka. Ameshatumwa kwa Madam mara nyingi, na Madam alishamchapa mara nyingi. Nimesema sitaki kumpamba.

Siku hiyo Redio akajiambia, huyu nimwite kwa ushauri sasa, tuone anasumbuliwa na nini. Akamtuma kiranja akamwite. Mimi nilikuwa chini ya dirisha na madawati yangu, nimezima mashine nabadilisha vyuma. Nilisikia kila kitu.

Mtoto akagonga, akaingia, akafunga mlango. Halafu Redio akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ndogo, "Shusha mikono, mwanangu. Nimekuita tuongee."

Nikainuka nikachungulia. Mtoto ameshusha mikono. Akafikiri kidogo. Kisha akageuka, akainama, akashika magoti. Yaani alidhani kuchapwa viganjani kumeghairiwa na sasa zamu ni ya makalio.

"Hapana, hapana! Kaa kwenye kiti."

Akakaa ukingoni, kama kiti kina moto.

"Niambie, una shida gani?"

"Nisamehe, mwalimu. Sitarudia tena."

"Hutarudia nini?"

Mtoto akatazama fimbo juu ya kabati. "Chochote," akasema.

Redio akamruhusu aende. Akabaki ameshika meza kwa mikono miwili. Akaniona dirishani, nikangoja anifokee. Hakunifokea. Akasema tu, "Umemsikia? Chochote."

Kesho yake akaenda kwa Mkuu. Akamwambia, mzee, vitu hivi viwili havikai pamoja. Mtoto hawezi kuja kulia kwangu mahali anapokuja kulizwa. Nipe kimoja, na nachagua ushauri. Fimbo mpe mwingine.

Mkuu akatabasamu. "Mwalimu, mtoto akiogopa kidogo si ndiyo vizuri? Atasema ukweli."

"Wananiambia 'sitarudia', mzee. Ukweli gani huo?"

"Si umeona? Hata kurudia hawatarudia."

Wakakaa kikao cha walimu. Nani achukue fimbo? Kila mtu anataka watoto wachapwe, hakuna anayetaka kuchapa, maana ukichapa wewe, mzazi anakuja kukufuata wewe. Mwalimu wa hesabu, mwanamume mmoja mpenda mizaha ya kuudhi, akasema, "Sisi tunakuletea, wewe unashughulikia. Bucha haligawanywi mara mbili." Wakacheka. Watu wazima, wamesoma, wanacheka. Mkuu akafunga kikao kwa kusema vyeo vimekuja pamoja, ukiacha kimoja umeacha vyote, na ushauri apewe huyo huyo atakayepewa fimbo.

Hapo ndipo walipombana. Akiacha, yule mtoto hana tena wa kumsikiliza. Akibaki, ni lazima achape.

Redio akachagua njia ya katikati. Alibaki, lakini akaacha kuchapa. Fimbo akaificha nyuma ya kabati. Mtoto akiletwa, anamkalisha, wanaongea kidogo, anamwachia. Hakumwambia mtu.

Siku chache tu, ofisini wakaanza kutazamana. Mwalimu wa hesabu akamchungulia mlangoni, kikombe mkononi. "Madam, unaumwa? Mbona hatusikii kitu?"

Hatusikii kitu! Mtu mzima anakunywa chai, masikio kayatega ukutani, anasubiri mtoto alie. Niliposimuliwa nilitaka kwenda na nyundo. Redio akanishika shati. "Kaa chini, wewe. Ukienda utanifukuzisha kazi."

Waliomwokoa ni watoto wenyewe, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watoto si wajinga. Walishajua Madam hachapi tena, na walishajua walimu wanataka kusikia. Kuna mvulana mmoja wa darasa la saba, ana mapafu kama ya ng'ombe, anaitwa King'ora. Aliletwa kwa kosa la kupiga miluzi. Mwalimu wa hesabu amesimama nje anasikiliza. King'ora akamtazama Redio, akamkonyeza, akapiga kofi mezani, pa! Halafu akalia: "Mamaaa! Nakufaaa! Madam nisamehe, mkono wangu!" Pa! "Ooooh, mgongo!"

Redio akaziba mdomo kwa kitambaa asicheke. Nje, mwalimu wa hesabu akaenda zake ameridhika.

Basi ikawa mchezo. Kila anayeingia anapiga meza, analia kwa mtindo wake. Wengine walikuwa wanafanya mazoezi chooni. Redio akija jioni anatuigizia, mpaka shemeji yule mkimya anadondosha kijiko. Nikamwambia, "Dada, umefungua chuo cha maigizo." Akasema, "Angalau hawaumii." Na mimi nikaona ana akili. Mtu yeyote angeona ana akili.

Lakini kile chumba bado kilikuwa cha ushauri pia, na Redio alikuwa hajamsahau Bibi Usingizi. Alikuwa anamsalimia kila siku koridoni, polepole, bila kumwita. Anampa chaki abebe. Anamwambia, "Ukitaka kuniambia kitu, njoo muda wowote, hata bila kutumwa." Mtoto anatikisa kichwa tu, anaondoka. Redio alikuwa anasubiri hicho kitu kuliko mshahara.

Na mtoto alikuja. Alikuja mwenyewe, mapumziko, hakutumwa na mtu. Akasimama mlangoni, akainua mkono agonge. Saa hiyo ndani yuko King'ora, na King'ora siku hiyo alikuwa amepania. Pa! "Usiniue, Madam! Nitasema! Nitasema kila kitu!"

Mpishi wa uji ndiye aliyemwona. Anasema yule mtoto alirudi nyuma hatua kwa hatua, uso umekauka, halafu akakimbia. Akapita getini, akaacha begi darasani. Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa.

Redio alipoambiwa hakula. Shemeji akamsogezea sahani, akairudisha. Jioni iliyofuata akanipitia kwenye banda langu. "Nisindikize," akasema. Njia nzima alitembea mbele, mimi namkimbilia nyuma.

Kwao ni chumba kimoja kwenye nyumba ya kupanga, pazia katikati, kitanda, beseni, nguo za mtoto mchanga kwenye kamba. Mama mtu anafua mashuka hospitalini, zamu ya usiku. Tulimkuta anafunga kilemba atoke.

"Karibu, mwalimu. Huyu amekosa nini tena?"

"Hajakosa. Nimekuja kumwona."

"Mvivu tu huyu. Anasema kichwa kinauma. Mchape, mwalimu, nakupa ruhusa. Mimi sina nguvu."

Mtoto alikuwa amekaa chini, amempakata mdogo wake, anamtazama Redio kama anavyotazamwa mbwa mkali. Redio akachuchumaa mbele yake na sketi yake ya kazini.

"Ulikuja juzi," akamwambia. "Najua ulikuja."

Mtoto akamvuta mdogo wake karibu, akasema, "Nilisikia yule kaka akiuawa."

"Hakuwa anauawa. Simchapi. Tulikuwa tunaigiza."

Mtoto akafikiri. "Kama humchapi, analia nini?"

"Ili walimu wasikie."

"Kwa nini walimu wanataka kusikia?"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikangoja dada yangu ajibu. Huyo ni mtu aliyewahi kubishana na polisi, akabishana na daktari, akabishana na mchungaji mazishini. Akafungua mdomo, akaufunga.

Mtoto akauliza tena, "Na mlango ukifungwa, mimi nitajuaje kama leo mnaigiza?"

Tulipotoka nje Redio alitembea mpaka kona, akasimama, akashika ukuta. "Nimewafundisha watoto kulia ili mijitu ifurahi," akasema. "Hivyo ndivyo nilivyofanya. Nimewapa watu wale muziki wao." Nikataka kumpoza, akanikata. "Mashine yako iko wapi?"

"Bandani."

"Kesho asubuhi njoo nayo shuleni. Ule mlango ni wa chuma, si ndiyo?"

Nilifika kabla ya kengele. Bawaba zilikuwa za kuchomelewa, nikazikata zote, cheche zinaruka koridoni, watoto wanashangilia. Nikauegemeza mlango stoo, kwenye mafagio, maandishi yameangalia ukuta. Redio akaitoa fimbo nyuma ya kabati, akaipeleka ofisi ya walimu, akaiweka katikati ya meza ya chai. Sauti yake niliisikia mpaka kwenye korido, na safari hii alirudi kuwa Redio kabisa.

"Anayetaka kusikia mtoto analia, fimbo hiyo hapo. Achape mwenyewe, mbele ya wenzake, na chai yake mkononi. Kwangu hatalia mtu tena, si kweli wala si kwa uongo."

Mwalimu wa hesabu akajaribu mzaha. "Madam, umeamka upande gani leo?"

"Nimeamka upande wa kukusikia wewe ukinyonya chai huku unahesabu vilio. Unataka niendelee?"

Hakutaka aendelee.

Tatizo ni kwamba chumba bila mlango kila mtu anasikia. Redio akavuta viti mpaka pembeni kabisa, nyuma ya kabati, watoto wakawa wanamnong'oneza sikioni. Yeye, mwenye sauti ile, akajifunza kunong'ona. Bibi Usingizi alirudi baada ya mama yake kumsukuma. Siku ya kwanza alipita koridoni mara kadhaa, anatazama ndani, anaona miguu ya watu waliokaa tu. Akaondoka. Siku nyingine akapita tena. Halafu siku moja, mapumziko, akaingia, akaenda moja kwa moja nyuma ya kabati, akasimama karibu na sikio la dada yangu.

Aliyomwambia nayajua kwa sababu mama mtu mwenyewe alinihadithia alipokuja bandani kwangu. Mama akienda zamu, binti ndiye anayelala na kichanga. Usiku mmoja binti alipitiwa na usingizi, kichanga akaviringika, akaanguka chini akapiga kichwa. Akalia, akanyamaza, asubuhi akanyonya kama kawaida. Binti hakumwambia mama. Tangu siku hiyo akawa halali. Anakaa kitandani usiku kucha, ameshika mguu wa mdogo wake, akiogopa kwamba amemharibu kichwa na kwamba akifumba macho atamwua. Asubuhi anakwenda shule, anasinzia, anatumwa kwa Madam. Na Madam anamchapa kwa kusinzia.

Mtoto wa darasa la tatu. Amebeba hiyo peke yake, na shule nzima ya watu wazima inamwita Bibi Usingizi.

Redio alimpeleka mama mtu na kichanga kliniki. Nesi akampima, akasema mtoto hana kitu, mzima. Mama alikaa kwenye benchi la kliniki akalia kweli, si kama King'ora. Akamwambia binti yake, "Mbona hukuniambia, mama yangu?" Binti akasema, "Ulikuwa unachelewa kazini." Sasa fundi cherehani wa chumba cha pili analala na kichanga siku za zamu. Na mama alikuja kwangu na kitanda chake kwenye mkokoteni, nimchomelee reli za pembeni. Nimezichomelea. Tembo hawezi kuzing'oa.

Ungedhani hapo watu wangepiga makofi. Mkuu alimwita Redio ofisini kwake, akatabasamu, akamvua vyeo vyote viwili. Kosa: kuharibu mali ya shule na kuwadharau walimu wenzake. Fimbo na ushauri vyote amepewa mwalimu wa hesabu. Ndiyo, huyo huyo. Wageni wakija kukagua wanaonyeshwa: ushauri tunao, chumba hiki hapa.

Redio amerudi kuwa mwalimu wa darasa la pili tu. Lakini mapumziko, nenda ukachungulie darasani kwake. Watoto wako pale, mmoja mmoja, wanasubiri zamu ya sikio. Bibi Usingizi analeta wenzake, anawashika mkono, anawaambia, "Ongea tu, huyu hachapi." Mkuu amemwonya Redio kwamba anafanya kazi ya watu bila ruhusa. Redio amemuuliza, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni kwa mpishi wa uji, kama kumsikiliza mtoto siku hizi kunahitaji kibali. Mkuu ameahidi kumhamisha. Hatujui ni lini, na nyumbani hakuna anayecheka. Shemeji amesema akihamishwa atamfuata na lori.

Mimi wameniita wiki hii. Mwalimu wa hesabu alikuja mwenyewe bandani, mikono mfukoni. "Fundi, ule mlango tunauhitaji. Njoo uurudishe, hatuwezi kufanya kazi wazi wazi namna ile."

Nikainua kioo cha kuchomelea nimwone vizuri. Nikamwuliza kazi gani hiyo isiyofanyika wazi wazi.

Akacheka peke yake.

"Tafuta fundi mwingine," nikamwambia, na nikawasha mashine.